Askari Ishirini wa Kuanzia: Kupaka Rangi na Kuunda Jeshi la Mezani Ukiwa Mwanza

Askari wangu wa kwanza alikuwa na mabawa. Nilimpulizia praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine, saa moja jioni, kibarazani, taa imewashwa, na nyumba yenyewe ipo Kirumba inatazama ziwa. Mwenyeji wa Mwanza ameshaanza kucheka. Wadudu wa ziwani walikuja kundi zima kufuata taa, na nilipogeuka kuchukua kitambaa, wawili walikuwa wameshanasa kwenye rangi mbichi, mmoja begani na mwingine usoni. Nilijaribu kuwatoa kwa ncha ya sindano. Miili ilitoka, mabawa yakabaki. Yapo hadi leo chini ya rangi ya kaki; ukimwinamisha kwenye mwanga unayaona.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni watu wawili, meza moja, dadu na futi ya kupimia, kila mmoja na jeshi la vijisanamu alivyovipaka rangi kwa mkono wake. Askari hasogei kwa miraba kama kete za drafti. Unampimia inchi sita, unamsogeza, unarusha dadu kujua kama risasi imepata. Unaojulikana zaidi ni Warhammer, wa kampuni ya Games Workshop iliyopo Nottingham, Uingereza, ulioanza 1983. Ndugu yake wa vita vya anga za mbali, Warhammer 40,000, alitoka 1987. Mimi nimechagua vita vya hapa hapa nyumbani, Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani waliushika mji huu hadi Julai 1916 Waingereza walipouchukua, na waliobeba bunduki pande zote mbili wengi walikuwa Waafrika. Kwa hiyo mifano yangu itakuwa ya askari wa kaki, lakini hatua ni zile zile hata kama jeshi lako ni la mazimwi.

Jeshi liandike kwenye karatasi kwanza

Wanaoanza wengi hununua kwa macho. Wanaona picha ya jeshi zima limepangwa mezani, wanaagiza sanduku kubwa, halafu fremu za plastiki za kijivu, vipande vya askari vikiwa bado vimeshikana nazo, zinalala uvunguni mwa kitanda mwaka wa tatu. Mchezo wa kawaida wa Warhammer 40,000 huhesabiwa jeshi lenye thamani ya pointi 2,000 kila upande, na hizo zinaweza kuwa vijisanamu makumi kadhaa, kwa majeshi mengine zaidi ya mia. Kwa mtu anayepaka usiku baada ya kazi, huo ni mwaka wa kukata tamaa.

Chukua karatasi uandike ishirini: kamanda mmoja, vikosi viwili vya askari wanane wanane, na bombomu moja, yaani bunduki ya rashasha, yenye watu watatu wa kuihudumia. Jeshi hilo linatosha mchezo wa saa moja na nusu kwenye meza ya kulia chakula. Kanuni zipo za bure. One Page Rules wanatoa kanuni fupi za msingi bila malipo, na hawakulazimishi kutumia vijisanamu vya kampuni fulani. Mkubaliane tu wewe na mwenzako.

Amua ukubwa pia, kwa sababu ukichanganya utajuta. Vya milimita 28 ndivyo vilivyozoeleka zaidi, vina sura na vifungo unavyoweza kuviona. Vya kipimo cha 1/72 vina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, ni vya bei nafuu, lakini vingi ni vya plastiki laini inayopinda, na rangi hubanduka usipoviandaa vizuri.

Mwanza sijawahi kukutana na duka la vijisanamu. Vyangu nilivipata kwa njia tatu: kuagiza nje na kusubiri posta, kumpa orodha ndugu anayekuja likizo, na kumlipa kijana mwenye mashine ya kuchapa vijisanamu kwa resini, plastiki ya maji inayogandishwa. Wakati unasubiri, nenda kwenye maduka ya vitu vya watoto ununue pakiti ya vile vijeshi vya plastiki vya kijani. Ni vikubwa, sura zao mbaya, bunduki zimepinda. Ndivyo hasa vya kuharibia mkono wa kwanza. Haribu kumi kabla hujagusa kitu ulicholipia forodha.

Vifaa, bila mbwembwe

Vingi vipo mjini. Kikata kucha kipya cha kutolea vipande kwenye fremu, wembe au kisu cha kubadilisha makali, msasa laini kabisa, gundi ya supa gluu, gundi nyeupe ya mafundi seremala, sindano, mswaki wa zamani. Zungukia Makoroboi asubuhi moja na maduka ya vifaa vya ujenzi ya jirani, nusu ya orodha imekwisha. Rangi za akriliki, zile zinazochanganywa na maji, utazipata kwenye maduka ya vifaa vya shule na vya wachoraji. Chembe zake si laini kama za rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya vijisanamu, na nyingine zinang'aa kama uso wenye jasho, ila kwa kuanzia zinafaa. Nunua nyeusi, nyeupe, kahawia iliyoiva, kaki, nyekundu, bluu, manjano na ya fedha. Nyingine zote utachanganya.

Pesa yako iende kwenye brashi. Watu hukimbilia brashi nyembamba kuliko zote, eti kijisanamu ni kidogo. Brashi ya namna hiyo hainywi rangi; kabla hujafika usoni imeshakauka. Nunua namba moja au mbili yenye ncha inayochongoka ukiilowesha. Rangi isifike kwenye bati linaloshika nywele, usiisimamishe kwenye glasi ya maji kichwa chini, na ukimaliza ioshe kwa sabuni ya kipande kisha uichonge ncha kwa vidole. Brashi yangu moja ina miaka miwili. Nyingine tatu, za bei rahisi, sasa zinapaka gundi.

Usafi kabla ya praima

Kila kijisanamu kimetoka kwenye kalibu, na pale nusu mbili za kalibu zilipokutana pamebaki mshono, mstari mwembamba unaopanda mguuni hadi kofiani. Bila rangi hauonekani. Ukishapaka unatokeza kama kovu. Ukwangue kwa mgongo wa wembe, taratibu, kuelekea nje, kisha msasa. Kama ni resini, piga msasa ukiwa umelowesha na uvae barakoa, maana vumbi lake si la kuvuta. Halafu osha wote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua na mswaki, waache wakauke usiku kucha. Mafuta ya kiwandani ndiyo yanayofanya rangi ibanduke baadaye, na vile vya plastiki laini visugue mara mbili.

Plastiki ngumu ina gundi yake inayoyeyusha kidogo pande mbili zikawa kitu kimoja. Ukiikosa, supa gluu inafanya kazi, na kwa resini na chuma ndiyo yenyewe. Tone moja linatosha. Jambo la kukumbuka ni hili: tina na dawa ya kuondolea rangi ya kucha zisikaribie plastiki. Kapteni wangu wa kwanza nilitaka kumfuta rangi nianze upya, nikachovya pamba kwenye dawa ya kucha ya dada yangu. Uso ulilainika ukashuka kifuani kama samli juani. Dada alikuja kuangalia, akasema, "Kaka, huyu naye umemuua kabla ya vita?"

Praima, na ziwa lenyewe

Bila praima rangi haishiki. Kopo la kupuliza la praima ya magari, lisilong'aa, linafaa kwa plastiki ngumu, chuma na resini, lakini lijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu. Kuna makopo makali yanayokula plastiki.

Somo langu la kupuliza nililipata Igoma kwa fundi anayepaka magari. Nilimpelekea askari sita waliokuwa wamevimba kwa praima, nyuso zimepotea, vidole vimeungana. Akamchukua mmoja, akamgeuza kwa kucha.

"Bosi, umepuliza mkono mmoja?"

"Mmoja tu."

"Ndiyo maana. Mkono mmoja mnene ni wa kufichia kutu. Piga mitatu, kila mmoja kama unamtisha tu."

Mkono, kwa mafundi rangi, ni tabaka moja la rangi. Kumtisha ni hivi. Tikisa kopo dakika mbili nzima, siyo mara tano. Wabandike askari kwenye ubao kwa gundi ya karatasi. Simama sentimita 25 hivi, anza kupuliza pembeni hewani, pitisha mkono juu yao bila kusimama, malizia hewani upande wa pili. Subiri dakika kumi, geuza ubao, rudia. Mkono wa kwanza utaona plastiki bado inachungulia, acha ichungulie.

Saa nayo ni muhimu kuliko kopo. Jioni ni ya wadudu, hilo nimeshalilipia. Saa nane mchana kwenye jua kali la kiangazi rangi inakauka hewani kabla ya kumfikia askari, anakuwa na vipele kama msasa. Siku za masika na vuli, hewa ikiwa imebeba maji, inakauka na ukungu. Mimi hupuliza saa tatu asubuhi, upepo wa ziwa haujachachamaa, nyuma ya nyumba, ubao ukiwa ndani ya boksi lililofunguliwa upande mmoja. Usipulizie ndani ya chumba unacholala.

Rangi ya msingi

Weka rangi kidogo kwenye kigae cheupe, ongeza maji kwa brashi hadi iwe kama maziwa freshi. Ikiwa kama mtindi, itajaza mikunjo. Ikiwa kama maji ya mchele, itatiririka. Paka mikono miwili myembamba, ya pili baada ya ya kwanza kukauka kabisa, na usirudishe brashi mahali ambapo rangi imeanza kushika.

Joto la hapa hukausha rangi kwenye kigae kabla hujamaliza kofia. Dawa yake ni kibao chenye unyevu: chombo bapa cha plastiki chenye mfuniko, sponji ya vyombo iliyolowa imelazwa ndani, juu yake karatasi ya kuokea keki. Rangi unaiweka juu ya karatasi, inakunywa unyevu taratibu kutoka chini. Ukifunika, kesho utaikuta bado mbichi.

Usipake askari mmoja hadi mwisho. Panga wanane, paka kaki kwa wote, kisha ngozi kwa wote, kisha mikanda na viatu kahawia, kisha mitutu nyeusi yenye fedha kidogo. Inachosha kama kumenya vitunguu saumu vya harusi, lakini kikosi kinatoka sare moja. Kamanda pekee mpe usiku wake mwenyewe.

Ngozi yetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miongozo mingi ya nje huanza na ngozi ya Mzungu na hii yetu hupewa mstari mmoja: paka kahawia. Kosa linalofuata ni kuongeza nyeupe kwenye kahawia ili kupata sehemu zinazopigwa na jua. Nyeupe inaifanya kahawia kuwa kijivu. Askari wako anapauka, kama mtoto aliyeogeshwa asubuhi ya kipupwe akaachwa bila mafuta.

Anza na kahawia iliyoiva, uitie nyeusi kidogo sana au bluu, paka uso, shingo na mikono yote. Ikikauka, chukua kahawia safi, tia nyekundu kiasi cha ncha ya sindano, paka sehemu zilizotokeza tu: paji la uso, mashavu, pua, kidevu, migongo ya viganja. Mwisho changanya kahawia na chungwa, ambayo ni manjano na nyekundu, ugusie nundu ya pua, juu ya mashavu, mdomo wa chini na vifundo vya vidole. Mguso mmoja kila sehemu, basi. Uso unapata joto, unaonekana umepakwa mafuta ya nazi ukasimama juani.

Na usiwapake wote kivuli kimoja. Askari wa Wajerumani walitoka kwa Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma na wengine wengi. Mmoja mzidishie bluu, mwingine nyekundu, mwingine chungwa.

Macho yaache. Najua video zinaonyesha mboni na kope. Ukiweka nukta nyeupe usoni mwa mtu wa milimita 28, mkono ukitetemeka kidogo anaonekana ameona jini. Kivuli cheusi kwenye tundu la jicho kinatosha. Mezani, umbali wa mkono mmoja, ubongo wa mtazamaji unajaza wenyewe.

Kivuli na brashi kavu

Hatua hizi mbili ndizo zinazofanya watu waulize ulisomea wapi, na ni rahisi kuliko zote. Ya kwanza ni maji ya kivuli: kahawia na nyeusi, maji mengi hadi ifanane na chai ya rangi, tone dogo la sabuni ya vyombo ili ipenye isitengeneze matone. Pakaza mwili mzima. Itakimbilia mikunjoni, chini ya mkanda, kati ya vidole. Ikituama mahali kama dimbwi, inyonye kwa brashi iliyokaushwa. Mwache askari kwa nusu saa bila kumgusa. Atakapokuwa bado mbichi utadhani umemharibu, subiri.

Ya pili ni brashi kavu. Chukua brashi mbovu, ichovye kwenye kaki iliyoongezwa nyeupe, kisha ifute kwenye karatasi ya chooni hadi ikaribie kutoacha alama. Sasa sugua juu juu kwenye nguo. Rangi itashika kwenye kingo za mikunjo tu. Ukiwa Dar es Salaam, pita Mtaa wa Samora uitazame Sanamu ya Askari, iliyosimama pale tangu 1927. Angalia mwanga unavyoshika juu ya mikunjo ya nguo na giza linavyokaa chini ya mkono. Unachofanya kwa brashi kavu ni kuuchora mwanga ule kwenye kitu kidogo ambacho hakiwezi kuutengeneza chenyewe.

Vitako: hapa Mwanza tumebarikiwa

Wenzetu wa nje wananunua vijimfuko vya mchanga na nyasi bandia. Sisi tunaokota. Kitako, yaani kile anachosimamia askari, kinaweza kuwa kizibo cha soda, kilichopinduliwa na kujazwa gundi na mchanga. Mchanga wa ziwani uoshe, uanike, uchekeche kwa chujio la chai. Kokoto waombe akina mama wanaoponda mawe milimani. Zile chenga zinazobaki chini, ambazo hawaziuzi, kwa askari wako ni majabali. Paka gundi nyeupe, nyunyiza, acha hadi kesho.

Majabali yapake kijivu, mwagia maji ya kivuli, kisha brashi kavu ya kijivu iliyopauka. Ukitaka yawe ya Mwanza kweli, tembea hadi Jiwe la Bismarck uyaangalie mawe ya ukingoni: michirizi myeusi inayoshuka pale maji ya mvua yanapopita kila mwaka, na juu kileleni madoa meupe ya ndege. Doa moja jeupe juu ya kokoto, na mtu yeyote wa Kanda ya Ziwa atajua pale ni wapi.

Nyasi ndefu ni katani. Kata nyuzi urefu wa sentimita moja, funga shada kwa uzi, chovya mwisho kwenye gundi, simamisha. Rangi yake ya asili tayari ni ya nyasi za Septemba. Pamba pia usiitupe. Mwanzoni mwa vita askari wengi wa Wajerumani walikuwa na bunduki za Mauser za muundo wa 1871, zilizotumia baruti nyeusi, na moshi wake mzito ulimwonyesha adui walipo. Kwa hiyo askari wangu wakifyatua, naweka kishada cha pamba ya Usukumani mbele ya mtutu, na mpinzani anapata nyongeza ya moja kwenye dadu yake anapojibu. Kanuni hiyo nimeitunga mwenyewe.

Vanishi

Mikono itawashika, jasho litakula rangi, kwa hiyo vanishi isiyong'aa ni lazima. Sheria za kupuliza ni zile zile za praima, ila kali zaidi. Ukipuliza hewa ikiwa na unyevu, jeshi zima linapata ukungu mweupe. Ikikutokea usilie mara moja: paka vanishi inayong'aa kwa brashi, ukungu huwa unapotea, kisha subiri siku kavu upulize tena isiyong'aa. Mimi niliokoa kumi na saba kati ya ishirini.

Kuliongeza jeshi, na kulibeba

Ishirini wakikamilika, cheza nao mara tatu kabla ya kununua wa ishirini na moja. Michezo hiyo ndiyo itakuambia kinachopungua. Mimi nilidhani nahitaji mzinga. Kumbe nilihitaji wapagazi. Vita vile viliendeshwa kwa vichwa vya watu waliobeba risasi, chakula na vyuma, na mtaa wa Kariakoo umepata jina kutokana nao. Sasa kila upande kwetu una wapagazi sita, na bombomu isipokuwa na mpagazi karibu haipigi. Mchezo umebadilika kabisa. Na wapagazi ni watamu kupaka kuliko askari, maana hawana sare. Kila mmoja kitambaa chake.

Kuwabeba usitafute masanduku ya povu. Trei ya mayai inachukua thelathini. Weka pamba kidogo kila shimo, funika kwa trei nyingine, funga kwa kamba ya katani. Jumamosi iliyopita nilipanda nao daladala ya Nyegezi, trei mbili nimezipakata. Konda akapokea nauli, akaziangalia.

"Mzee, ya kienyeji hayo?"

"Ya 1916."

Akasogea pembeni, akawaambia abiria waliokuwa mlangoni wasinikaribie, yakipasuka basi zima litanuka.